Mwani Wake Umepona, Naye Hajui Kwa Nini

Saa tatu asubuhi, bahari imekupwa na maji yanamfika magotini. Mama Pacha, jina alilobandikwa tangu alipojifungua mapacha, anainua shada la mwani lililofungwa kwenye kamba, analigeuza huku na huku kama anayetafuta doa kwenye nguo. Haoni kitu. Mwani ni wa kahawia, mnene, mzima.

Hatua kumi kutoka hapo, shamba la wifi yake, dada wa mumewe, limebaki kamba na vigingi. Matawi yalipauka yakawa meupe, yakakatika, yakaenda na maji. Majirani wote yamewapata hayo hayo. Lake tu limesalimika.

"Watu wananiuliza nimeweka nini," anasema. "Niweke nini baharini, mwanangu? Mbegu tuligawana fungu moja, tukazifunga kambani siku moja. Kichwa kinaniuma kwa kuwaza."

Kwa miaka kumi na moja, mwani ndio umelisha watoto na kuezeka nyumba yake ya vyumba viwili. Msimu huu ameshaanika magunia sita. Wifi aliambulia nusu gunia, na maneno yakaanza: huyu ana mambo yake. Salamu zikakatika. Wifi aliyemkanda baada ya uzazi akawa anapita mlangoni bila hata hodi.

Bwana shamba alikuja na kipimajoto, akapima maji ya mashamba yote mawili, akakuna kichwa. "Joto limezidi kote," alimwambia. "Hata huu wako ulipaswa kufa."

Mama Pacha anacheka. "Mtaalamu hajui, mimi nitajulia wapi? Wakati mwingine najiuliza, au kweli nina kitu na mwenyewe sikijui?"

Juzi uvumilivu ulimwishia. Alibeba kapu la mbegu, vipande vya mwani wake, mpaka uani kwa wifi yake.

"Wifi, nitukane, lakini nisikilize. Chukua shamba langu, nami nichukue lako. Kama ni mkono wangu, tutajua. Kama ni maji, tutajua."

Wifi alimtazama weee, mwisho akamsogezea mkeka. Wakafunga mbegu hadi jua likawaondoa uani.

Kesho anavuna uliobaki, keshokutwa wanapanda, kila mmoja kwa mwenzake.

"Naomba mwani wake ustawi," anasema Mama Pacha. "Wangu ukifa, nitalia kidogo. Ila ukistawi kote kuwili, hapo ndipo nitachanganyikiwa kabisa."