Mshipi wa Yai

Glicheria alikuwa fundi wa kuchora mayai ya Pasaka, na kwao mkoani Bukovina mtu wa namna hiyo si mtu mdogo. Miaka arobaini alichovya kalamu kwenye nta ya moto na kuligawa yai: kwanza mistari ya wima, kisha mshipi wa kulizunguka tumboni. Mshipi ukipinda, yai linakwenda kikaangoni. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake, kwa makofi.

Binti yake wa pekee, Lucreția, alikuwa na miaka saba alipokaa kwenye meza ya kuchoria. Wima yake ilinyooka vizuri, lakini mshipi uliyumba kila siku. "Mshipi huu umetoka harusini, bado umelewa," majirani walicheka. Glicheria akamwondoa mezani mbele yao. "Mikono ya mbao! Nenda kachunge bata." Msichana hakukaa pale tena. Alipokua alikwenda Italia kutunza wazee wa watu, akamwachia bibi mtoto wake, Ilinca.

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja na mapengo mawili. Alikuwa na miaka mitano. Wiki moja kabla ya Pasaka alishika kalamu: wima ikanyooka, mshipi ukayumba. Akainamisha kichwa, akakunja macho, akarudia, ukayumba palepale. Glicheria aliwahi kuuona mshipi ule. Safari hii hakufoka. Kesho yake walipanda basi kwenda mjini kwa daktari wa macho.

"Inaitwa astigmatizimu, bibi, lakini jina lisikusumbue," daktari alisema. "Sehemu ya mbele ya jicho hutakiwa iwe duara kama mpira. Ya huyu imevutika kidogo, kama ubavu wa yai. Basi mistari ya wima anaiona, ya kulala inamvurugikia."

"Mbona hajasema?"

"Aseme nini? Anadhani sote tunaona hivyo. Miwani itamsaidia, na tumewahi. Mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Nani mwingine kwenu hukunja macho?"

"Mama yake."

Glicheria alingoja machozi. Hayakuja. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Jumapili Lucreția alipiga simu, sura yake ikatokea kiooni kama kila wiki. Glicheria alikuwa ametayarisha neno moja tu: nisamehe. Lakini alianza mbali.

"Mwanangu, haikuwa mikono. Yalikuwa macho. Ilinca naye ana macho hayohayo."

"Najua, mama. Mimi nilipimwa huku, vuli iliyopita. Ninavaa miwani."

"Mbona sijaiona?"

"Nikikupigia huwa naivua."

"Na mtoto? Ulijua ukanyamaza?"

"Nilikuwa nije Agosti nimpime mwenyewe. Sikudhani utampeleka. Nilidhani utampa bata. Siku ile nilipopewa miwani nilinunua yai na mshumaa, nikachora mshipi kwa pini. Ulinyooka, mama. Ulizunguka mpaka ukakutana na mwanzo wake."

"Liko wapi? Niletee nilione."

"Nililikaanga, nikalila."

Glicheria alilitafuta lile neno lake. Lilikuwepo, ila halikutoka.

"Ulitia chumvi?" akauliza.

"Nilisahau, mama," Lucreția alisema.