Motere Bapa ya Mama Musafiri

Asubuhi ile ya mwisho ilikuwa kama zingine. Mama Musafiri alikaa kwenye mashini yake ya kushona, miguu juu ya kigoda, motere inanguruma. Alikuwa anatia kiraka kwenye suruali yangu. Nikamuletea chai. Akasema nimeweka sukari ya mugonjwa, kidogo mno. Tukacheka, nikaenda shambani. Niliporudi, alikuwa amekwisha kufa, mukono ungali juu ya suruali.

Niseme habari ya motere ile.

Jina la bibi yangu ni Léocadie. Alishona nguo hapa Kasongo tangu tulipooana. Mwaka juzi miguu ikavimba, ikakataa kukanyaga pedale ya mashini. Nyumbani kulikuwa kitambaa cha kwaya, cha kushona nguo kumi na mbili za Pasaka. Célestine, mukubwa wa kwaya, akaja.

"Pole, mama. Jumamosi ntabeba kitambaa, nikipeleke kwa fundi mwenye miguu."

Siku ile bibi yangu hakula.

Kesho yake akamwita Kamaldine, fundi wa kinga, yaani baiskeli. Alikuwa na motere ya feni ya gari, bapa kama sahani.

"Mama, hii imekufa."

"Hata miguu yangu iko hivyo. Lete."

Bibi yangu akaifungua mwenyewe. Nilifikiri motere zote ziko na donge la chuma ndani. Hii, hapana. Sehemu inayozunguka ni duara nyembamba ya shaba tu, imeungua. Upande mumoja sumaku zimepangwa kwa kuzunguka, upande wa pili bati la chuma. Duara inapita katikati, bila kugusa.

Bibi yangu akataka kutengeneza duara mupya. Akakata kitako cha beseni langu la plastiki la kuogea.

"Na mimi nitaoga wapi?"

"Mutoni, Baba Musafiri. Maji iko."

Akasokota waya za shaba za radio ya zamani, akazilaza bapa juu ya kitako kile kama majani ya ua, akazibandika kwa gundi. Ncha za waya akazifunga kwenye vipande vya shaba karibu na ekseli. Juu ya vipande vile vinakaa vijiti viwili vyeusi, tulivitoa ndani ya mapili, batri ndogo za tochi. Ndivyo vinapitisha umeme, huku duara inazunguka.

Sumaku zilikuwa zimebanduka. Akanipa mimi kazi ya kuzirudisha. Nikazipanga vizuri sana, zote zikitazama upande mumoja, kama watoto wa masomo kwenye mustari.

Ijumaa tukaunga batri ya gari aliyoleta Kamaldine. Motere ikatetemeka kama mwenye homa. Haikuzunguka.

Bibi yangu akachukua sumaku moja, akaipitisha juu ya zingine. Zote zikaisukuma. Akaniangalia.

"Baba Musafiri, nani alikuambia zifanane? Moja itazame juu, jirani yake chini. Zikikubaliana zote, nani atasukuma?"

Tukabandua zote. Alitia kila ya pili rangi ya kucha, nisikosee tena. Nilizibandika upya, nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi.

Jumamosi asubuhi, Célestine akapiga hodi na kikapu. Gundi ilikuwa haijakauka vizuri. Bibi yangu akaunga batri hivyo hivyo. Duara ikazunguka. Mupira wa kinga, tuliofunga toka motere hadi gurudumu la mashini, ukavuta mashini, sindano ikaanza kukimbia. Célestine alikuwa amekwisha kutia kitambaa kikapuni.

Mama Musafiri hakunyanyua hata kichwa. Akasema:

"Rudisha hicho kitambaa, Célestine, na usimame nikupime upya, maana tangu Noeli kiuno chako kimepita lile beseni nililokata."