Programu Iliyomhamisha Leonsi

Siku ya kwanza kazini kwa Meneja Kalolo, pale Kizwite, niliambiwa nivue viatu mlangoni. Kabla ya hapo nilikuwa nafagia ghala la ushirika. Biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi ghala likafungwa, nami niliyeishia darasa la nne nikapata kufagia duka lake la steshenari. Chumba cha kompyuta kiliingiwa peku, awe bwana shamba, awe muuza nyanya.

"Mama Yustina," aliniambia Meneja, "vumbi la hapa linaua mashine. Mkitoka, ifunikeni."

Nikaifumia kitambaa cha maua. Tuliifunika kila tulipotoka, hata tukienda kula tu.

Miaka ikaenda. Kwa kutazama wenzangu nikajua kuwasha, kuchapa, na kutunza mafaili, yaani chochote mashine inachohifadhi: barua, picha, nyimbo. Meneja akanipa kiti.

Mume wangu Leonsi aliimba besi katika kwaya ya kigango, na wimbo wao mmoja ulirekodiwa video dukani petu. Alipofariki, sauti yake ilibaki kwenye kompyuta ile tu. Ndipo Meneja akanunua mpya, ya zamani akamuuzia Mwalimu Sikazwe wa Mwazye, aje kuichukua Jumamosi.

"Hamisha vya maana," alisema. "Vingine tutafuta."

Matundu ya flashi ya mashine ile yalishakufa. Ikabidi tutafute programu ya kuhamisha mafaili bila waya. Fundi Gervas alianza na moja inayopitia intaneti: faili linapanda huko juu, kisha linashuka kwenye mashine ya pili. Ilikula bando likaisha, faili likaning'inia katikati. Ya pili ilizikutanisha kompyuta zetu humo humo dukani, bila bando. Tukaiacha ikifanya kazi, tukaenda kula. Kurudi, kioo cheusi, faili halikufika. Gervas akaleta ya tatu, ambayo ikikatika inaendelea pale ilipoishia. Tulipotoka kula, nayo tukaikuta mashine imezimika.

"Unachagua programu kama unachagua mkwe!" Meneja alinitania.

"Mkwe akitushinda tunamrudisha kwao," nikamjibu. "Leonsi akifutwa humu, nikamtafute wapi?"



Ijumaa, ndiyo kwanza tumerudi kula, akaingia Mzee Masanja, mfugaji wa Ilemba, kutoa kopi. Alipita peku karibu na mashine, akagusa kitambaa.

"Mama, ng'ombe wenu ana homa. Mbona mmemvika blanketi?"

Meneja alicheka. Kisha akaingiza mkono chini ya kitambaa, akaacha kucheka. Tulikuwa tunabadilisha programu, kumbe mashine inakosa hewa, inachemka, inajizima.

Tukaifunua. Tukabaki na ile ya tatu, maana umeme wetu ulikatika upendavyo. Meneja akafunga mlango wa duka mchana ule, akaniambia, "Kaa naye, mama." Nikakaa, nikiutazama ule mstari wa kijani ukisogea. Umeme ukakatika, ukarudi, mstari ukaendelea hadi ukajaa, faili likafika. Jumamosi Mwalimu Sikazwe akaifunga mashine yake kwenye baiskeli, akaondoka.

Vijana mkiniuliza programu ipi nzuri, nawaambia: isiyokula bando, inayovumilia umeme kukatika. Na msifute huku kabla hamjalifungua faili kule, mkaona limefika zima.

Nilistaafu macho yalipochoka. Meneja Kalolo naye ameshazikwa, na Gervas alihamia Mpanda. Binti yangu Yustina yuko Tunduma, hunipigia Jumapili akipata nafasi. Wimbo ule aliniwekea kwenye simu, nami huusikiliza jioni, upepo wa huku juu ukianza kuuma. Kabla hawajaimba, Leonsi anakohoa kidogo, halafu anawauliza wenzake, "Mmekaa sawa?"

Najibu, "Tumekaa," na kiti cha pili kina kapu la mahindi tu.