Sala Iliyofika Hadi kwenye Tairi

Juzi alfajiri nilipanda lori la dagaa pale Ikola, nikirudi Mpanda. Dereva alikuwa ameshawasha injini na kaseti yake ya rumba, lakini sisi tuliokaa juu ya magunia tulimgongea bodi azime vyote. Kwetu siku haianzi bila sala, na safari ndiyo kabisa.

Akazima shingo upande, akashuka, akavua kofia. Mama mmoja muuza dagaa akasimama na kufumba macho.

"Baba wa mbinguni, asante kwa kutuamsha wazima. Mkumbuke dereva wetu, ana haraka. Likumbuke na tairi la nyuma la kushoto. Nimelizunguka tangu saa kumi na moja, nati mbili hazipo, na mbele kuna mlima."

Dereva akafumbua jicho moja. Akaenda kuinama kwenye tairi, akashika kiuno, kisha akachukua spana na nati mbili kwenye boksi la vifaa. Mama akamsubiri, kichwa bado kakiinamisha.

Bwana mmoja mgeni, aliyekuwa akitazama saa tangu tupande, akaninong'oneza: "Nyie huku mnaombaga hivi kila siku?"

"Kila asubuhi," nikamjibu, kifua mbele. Wanaodhani sala ni kufumba macho tu, waje wasafiri na mama zetu.

Dereva akarudi, mikono imejaa grisi. "Mama, sasa tuseme amina?"

"Bado, mwanangu," akajibu, macho kayafumba vilevile. "Sijafika kwenye breki."