Kioo Alichokitunza Mama Povu

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Kama huamini, ungemuuliza Mama Povu.

Alikuwa mwosha vioo katika maabara ya hospitali ndogo, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, na jina hilo alilipata kwa sabuni iliyomganda mpaka viwikoni kutwa nzima. Vioo vyenyewe ni vile vipande vyembamba, urefu wa kidole, vinavyopakwa damu au makohozi na kuwekwa chini ya hadubini. Aliviosha kimoja kimoja, akavipangusa, akavisimamisha kwenye ubao wenye mifereji. Kwa miaka sita hakuvunja hata kimoja. Watu wa namna hiyo wapo, ila hawasifiwi.

Mkuu wa maabara aliitwa Mwewe. Jina alijipa mwenyewe, maana alidai jicho lake linamwona kijidudu hata akijificha nyuma ya mwenzake. Basi asubuhi moja lenzi ndefu ya hadubini, ile yenye nguvu, ikakutwa imechunika. Mwewe akaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu.

"Ni yule mama wa sabuni. Kaifuta na tambara lake, kaiangusha."

Daktari mkuu, mama mwenye haraka zake, hakuuliza mara mbili. Mama Povu akahamishiwa kufua mashuka. Kabla hajaondoka alimkabili Mwewe mlangoni.

"Baba, unajua kabisa sikuigusa."

Mwewe akacheka. "Mama, nenda kafue. Povu halina ushahidi."

Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipokuwa akimalizia ndoo yake ya mwisho ya vioo, alikuta kimoja kina ufa wa mviringo katikati, na mistari imetawanyika pande zote. Hakujua maana yake. Alikifunga kwenye kitambaa, akakipeleka nyumbani, akakitia ndani ya kopo la majani ya chai. Kwa uchungu tu, si kwa akili.

Kufua mashuka kuna jambo moja zuri: mikono ina kazi, kichwa hakina. Kichwa cha Mama Povu kilikuwa kinamfua Mwewe. Kila shuka alilolikamua, alikamua shingo. Dada yake akamwambia, "Msamehe mwenzio, utazeeka kabla ya siku zako."

"Nitazeeka," akajibu, "lakini sitazeeka peke yangu."

Mwaka wa nane wa mashuka, hospitali ikafungua masomo ya alasiri kwa wahudumu wanaotaka kusaidia maabara. Mama Povu akawa wa kwanza kujiandikisha. Mwalimu alikuwa fundi mstaafu, mzee wa kikohozi, aliyefundisha kama anayepika: kila kitu kwa moto mdogo.

"Anza na lenzi fupi," alisema. "Hii ya juu, ya jicho, inakuza mara kumi. Fupi inakuza mara nne. Zidisha: arobaini. Ndefu inakuza mara arobaini. Zidisha tena: mia nne. Lakini ukikuza sana unaona mahali padogo. Kwa hiyo mtafute mtu wako kwa lenzi fupi, mlete katikati, ndipo upande kwenye ndefu."

"Na hizi skrubu mbili, mwalimu?"

"Kubwa ni ya lenzi fupi tu. Inama, chungulia ubavuni, pandisha kijimeza kinachobeba kioo mpaka kikaribie lenzi. Halafu weka jicho, ukishushe polepole hadi picha ije. Ukifika kwenye ndefu, skrubu ndogo peke yake. Lenzi ndefu inakaa karibu sana na kioo. Zungusha skrubu kubwa hapo na jicho lako liko juu, utasikia kacha!"

"Kacha ya nini?"

"Kioo kinapasuka katikati, mviringo, kama jua alilochora mtoto. Na lenzi inachunika."

Mama Povu akaomba ruhusa ya kutoka. Alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Alifaulu kuliko wote, akarudishwa maabara kama msaidizi. Alimtazama Mwewe tu, na akagundua jambo: bwana mkubwa hatafuti picha mwenyewe. Kila kioo anamwambia mdogo wake wa kazi, "Niwekee picha," kisha anakuja kutia jicho na kutoa jibu. Miaka yote hiyo, jicho la mwewe kwenye mikono ya watu.

Akangoja. Ilipokuja hadubini mpya, daktari mkuu akatangaza kwamba haruhusiwi mtu kuikaribia kabla ya kupimwa kwenye ya zamani, na Mama Povu, aliyefaulu kuliko wote, ndiye mpimaji. Mama Povu akaenda stoo, akaitafuta ile lenzi iliyochunika, akaifunga kwenye hadubini ya zamani kwa mkono wake. Hakutaka kuharibu iliyo nzima.

Maabara nzima ikasimama kutazama.

"Leo mwosha vyombo ananifundisha kula?" Mwewe alisema, watu wakacheka.

"Sikufundishi, baba. Tuonyeshe tu. Usiwekewe picha."

Mwewe akaketi. Lenzi fupi hata hakuitazama. Akaleta ndefu, akabandika jicho, akashika skrubu kubwa. Akazungusha. Ukungu. Akazungusha tena kwa hasira.

Kacha.

Mama Povu akakitoa kioo, akakilaza mezani. Kisha akafungua kile kitambaa, alichotoka nacho nyumbani, akalaza cha pili kando yake. Majua mawili, moja la miaka kumi na moja.

"Hiki nilikiosha siku ile," akamwambia daktari mkuu. "Lenzi iliyoanguka sakafuni haipasui kioo kilicho mezani."

Daktari mkuu akavitazama vyote viwili, akasema taratibu, "Mama, nilikukosea. Hayo yamepita, tusameheane."

"Yamepita kwako, daktari. Kwangu yalikuwa ndani ya kopo la chai."

Mwewe akavuliwa ukuu, akaambiwa aanze masomo upya, na mpaka afaulu kazi yake ni kuosha vioo. Kesho yake, mikono ya shati imekunjwa, povu mpaka viwikoni, alimletea Mama Povu kioo cha kwanza. Kwa macho kilikuwa kinang'aa. Mama Povu akakiweka chini ya lenzi fupi, akachungulia ubavuni, akatafuta, akaleta katikati, akapanda taratibu hadi mia nne. Hakuwa na haraka.

"Hakijatakata, baba," akasema. "Rudia."