Feya Yangu ya Mpera

Enzi zetu, silaha ilichaguliwa ikiwa bado iko juu ya mti, na majani yake. Najua nina miaka ishirini na sita tu, lakini ukiishi chumba kimoja na watoto wa juzi hapa Muaither utaanza kusema "enzi zetu" kabla ya wakati wako.

Haya mambo yamenirudia wiki hii kwa sababu ya kazi. Kampuni imenipeleka kulinda maonyesho ya vifaa vya kuwinda hapa Doha, na dyuti yangu yote nasimama mbele ya meza ya bunduki. Kuna mzee mmoja anaenda kuwinda paa nchi za baridi, na kila jioni anarudi kuchagua. Anapenda zile za kizamani, zenye mbao, na kishikio cha chuma huku chini ambacho unavuta na kurudisha ndio risasi iingie. Anaiweka begani, anafumba jicho moja, anavuta kile chuma, anasikiliza, anairudisha mezani. Kiarabu changu ni cha kuokoteza, lakini nilielewa akikataa ile ndefu kwa sababu itashikana na matawi. Nyingine alisema ni nzuri ila haijalala vizuri begani kwake. Kijana wake amesimama kando na simu, anamhimiza, yalla baba, twende, zote si zinaua. Mzee hata hakugeuka. Mimi hapo na mikono nyuma na uso wa kazi, moyoni nilikuwa upande wa mzee kabisa.

Kwetu Bungoma hatukuwa na paa wala bunduki. Tulikuwa na kwale na feya, manati ya panda la mti na mpira.

Kwale ni ndege mnene kama kuku mdogo, na ana adabu mbaya. Ukishapanda mahindi, anashuka asubuhi umande ukiwa bado, anafuata mstari shimo kwa shimo kama aliyepanda ni yeye. Na mbegu zetu zilikuwa zile tu Kukhu, nyanya yetu, alizokuwa amening'iniza jikoni juu ya moshi. Zikiisha, zimeisha. Mwaka uliopita kwale walikuwa wametumaliza, tukala viazi vitamu asubuhi, mchana na jioni mpaka mbwa akakataa. Kwa hiyo kulinda shamba halikuwa jambo la mchezo. Tulikuwa tunaamka kabla ya shule, miguu mitupu kwenye tope baridi, kiazi cha kuchoma cha jana mfukoni.

Vijana walilinda na feya. Wasichana tulipewa debe na kijiti, tupige kelele. Hiyo ilikuwa sheria ya Kuka, babu yetu, mtu wa maneno machache na koti moja. "Msichana ni debe," alisema, na hakuna aliyebisha. Shida ni kwamba kwale walizoea debe. Unapiga, wanaruka mpaka mstari wa pili, wanakungoja uchoke. Binamu yangu Wekesa alikuwa ananiambia niongeze wimbo, labda watacheza.

Nilitaka feya mpaka nikakosa usingizi. Siku moja tukichuma mapera, Kukhu akaniambia pole pole, bila kuniangalia, "Enda uchague panda lako, ulifunge, na unyamaze."

Kuchagua lilikuwa jambo. Lazima liwe tawi la mpera, kwa sababu la parachichi linavunjika kama biskuti. Zile pembe mbili ziwe nene sawasawa kama mapacha, na shina lake lijae kwenye kiganja chako wewe, si cha binamu yako. Ukilipata hukati. Unafunga pembe kwa kamba ya katani zisogeleane, unafunga na uzi wa sweta yako ya shule ili watu wajue lina mwenyewe, halafu unaliacha likue hivyo. Hakuna mtoto kijiji kizima aliyekata panda lenye uzi wa mwingine. Mimi ninayeshindwa kungoja hata chai ipoe nilikuwa naenda kulitazama kila asubuhi, nalisukuma na kidole, naligombeza. Wekesa hakufunga kitu. Alikata panda kubwa kama pembe za ng'ombe, akalikausha juu ya jiko siku hiyo hiyo, akatembea nalo shingoni kama mheshimiwa.

Langu lilipokomaa, Kukhu mwenyewe alinikatia. Mpira ukatoka kwenye tyubu ya baiskeli, ngozi kwenye ulimi wa kiatu kilichokufa, mawe nikaokota mtoni, yale ya mviringo.

Msimu uliofuata tukapanda tena, na asubuhi kwale waliposhuka, Wekesa alivuta kwanza. Lile lipembe lake, lililokaushwa na moto, likasema ta, likapasuka, jiwe likamwangukia kwenye kidole cha mguu. Yeye anarukaruka na mguu mmoja, kwale hata hawana habari, wanaendelea na mstari wetu. Nikaweka debe chini. Nikavuta mpaka shavuni, nikaachilia. Mmoja akalala. Nilishangaa kuliko yeye.

Kukhu alimpika na maziwa ya mgando, na nyumba nzima ikanuka sikukuu. Sasa kwetu firigisi hailiwi ovyo. Ni ya mwenye boma, na mwanamke haigusi kabisa. Kukhu akaiweka juu ya sahani ya Kuka kama kawaida. Kuka akaitazama, akauliza ndege ni wa nani. 

"Ni wa yule uliyempa debe," Kukhu akasema kutoka jikoni.

Nikaanza kujuta. Halafu Kuka akaichukua kwa vidole vyake, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Kula haraka, kabla sijakumbuka wewe ni msichana."

Niliimeza nzima. Hadi leo siwezi kukuambia ilikuwa na ladha gani. Kesho yake debe alipewa Wekesa, na msimu huo tulivuna mpaka magunia yakalala sebuleni.

Siku hizi firigisi naipata kwenye friji ya duka hapa Muaither, pakiti nzima, imeganda kama jiwe. Ijumaa naikaanga na vitunguu na pilipili, Shiko wa kitanda cha juu anakula macho yakiwa kwenye simu, anauliza kama hakuna chipsi. Simlaumu, hakuna mtu aliyewahi kumkataza. Mimi nachukua yangu nakaa nayo kitandani. Kuka alishazikwa, na Kukhu pia. Ninaweza kutafuna hata saa nzima, hakuna mtu atakayekumbuka mimi ni msichana.