Mama Pindo Apima Kamera

Tangu Jumatano ile Mama Pindo hakula chakula kikashuka vizuri. Kila tonge alilisukuma kwa maji, na macho yake yakarudi kwenye simu. Jina la Mama Pindo hakupewa kwa sababu ana mtoto aitwaye Pindo. Watu walimwita hivyo kwa sababu hakuna fundi cherehani pale mtaani aliyenyoosha pindo kama yeye. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshona sare za shule, amebadili zipu, amepunguza suruali za waume wa watu, na kila aliyempima alimwandika kwenye daftari: jina juu ya ukurasa, chini yake kifua, kiuno, nyonga, urefu. Madaftari yalikuwa yamefika tisa.

Mwaka huu alithubutu. Kwa miezi minne, kila alipomaliza kazi za watu, alishona gauni la harusi ambalo hakuna aliyemwagiza. Alilikata kwa kichwa chake tu, bila mteja wa kumpima. Pindo lake alilidarizi kwa mkono, maua madogo ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, ambayo usipoinama huyaoni. Akalivisha sanamu yake ya kuvalishia nguo, akalipiga picha kwa simu, akamtumia mama mmoja mwenye duka kubwa la mavazi ya harusi katika mji wa jirani.

Jibu lilirudi siku hiyo hiyo ya Jumatano. "Fundi, hili ni gauni au chandarua? Nipe picha ya kueleweka. Jumamosi saa sita mchana nafunga hesabu ya mafundi wangu wapya. Ikipita hapo, basi tena."

Mwingine angecheka. Mama Pindo hakucheka, kwa sababu alijua nini kinamsubiri upande wa pili. Mdogo wake alikuwa ameolewa na bwana mwenye karakana ya sare, vyerehani kumi na viwili vimepangwa mstari kama wanafunzi, na shemeji huyo alikuwa amemwekea kiti. Aanze Jumatatu. Kazi yenyewe ni mifuko. Si shati wala suruali, mifuko tu, asubuhi mpaka jioni, mfuko juu ya mfuko, na mwenzako wa kulia ndiye anayejua hilo shati litafananaje. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa upole kabisa, "Shemeji, mshahara wa uhakika si haba. Ndoto haipikwi." Naye alikubali kwamba duka la harusi likimkataa, ataenda.

Mpiga picha wa mtaani alimwambia ana nafasi wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa mifuko. Na hata angempata, kila gauni litakalofuata lingetaka picha yake, je, angemfukuzia huyo bwana maisha yake yote? Basi Alhamisi asubuhi alitoa pesa alizokuwa akiziweka kwa ajili ya mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa, akazifunga kwenye kitambaa, akaenda kwenye duka la kamera za mitumba.

Lilikuwa duka jembamba, refu, lenye kabati la kioo upande mmoja. Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani, mpole, ila maneno yake yalikuwa mengi kuliko bidhaa zake.

"Shikamoo mama. Unataka kamera ya kupigia nini?"

"Marahaba. Gauni."

"Gauni lenye mtu au gauni tupu?"

"Gauni, baba. Jeupe. Lionekane jeupe, na pindo lionekane."

Akamtolea kamera nyeusi ya kubadilisha lenzi, aina ile yenye kioo ndani kinachoruka kila ukibonyeza. Ilikuwa ya zamani kidogo, imechubuka pembeni, lakini kijana aliapa kwamba mwenyewe wa kwanza aliitunza kama yai. "Hii inamtosha anayeanza. Usihangaike na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, mama, bodi zote za bei hii ni ndugu. Hangaika na lenzi."

Na kweli hapo ndipo mahangaiko yalipoanza. Lenzi zilikuwa tatu, na pesa ilitosha moja. Ya kwanza ilikuwa ile ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, inavuta na kurudisha, ukitaka karibu inaleta, ukitaka mbali inapeleka. Ya pili na ya tatu hazikuvuta chochote. Moja ya milimita hamsini, nyingine ya thelathini na tano. Hizo, ukitaka kitu kiwe kikubwa unakifuata kwa miguu yako.

"Chukua inayovuta," kijana alimshauri. "Itakuvumilia makosa."

Mama Pindo hakununuliwa kwa maneno. Alitoa mkobani kipande cha lesi, akakibandika ukutani kwenye kona yenye giza, kwa sababu chumba chake kina dirisha moja dogo, akaomba kipigwe picha kwa kila lenzi. Ile inayovuta ilitoa lesi kama uji. Ile ya thelathini na tano ilitoa kila tundu, kila uzi, hata uzi mmoja uliokatika. Moyo wake ukaruka.

"Sasa itanitosha chumbani?" akauliza. "Maana hiyo hairudi nyuma."

Kijana akainua mabega. Basi fundi akavua tepu shingoni. Alimtaka kijana asimamishe ufagio mrefu wa kutolea utando wa buibui, kwa kuwa urefu wake ulikaribiana na gauni, halafu akajaribu. Kwa lenzi ya hamsini, ufagio ulikataa kuingia wote hadi Mama Pindo akawa nje ya mlango, watu wanampita. Kwa ile ya thelathini na tano uliingia wote, juu na chini, na nafasi kidogo ikabaki. Akapima kutoka ncha ya lenzi hadi kwenye ufagio. Tepu mara mbili na sentimita thelathini juu yake: mita tatu na thelathini. Chumba chake alikijua kama kiganja: mita nne toka ukuta hadi ukuta. Akatoa sentimita sitini za mkia wa gauni unaolala nyuma ya sanamu. Zinabaki mita tatu na arobaini.

"Inatosha," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu. "Inabaki na sentimita kumi za sadaka."

Ukutani palikuwa na karatasi: KILICHOTUMIKA KIKITOKA HAKIRUDI. Aliisoma mara mbili. Kijana alimfundisha kubonyeza nusu kwanza, kamera ikilia ndipo amalizie, na akamwonyesha kitufe cha kuongeza mwanga ili nyeupe isitoke rangi ya majivu. Akampa na kidude cha kuhamishia picha kutoka kadi ya kamera hadi kwenye simu, bure. Pesa iliisha yote, na Mama Pindo akarudi nyumbani kwa miguu, kamera ameikumbatia kifuani, akigeuka nyuma kila hatua kumi.

Ijumaa alifunga mlango kwa komeo. Alikuwa na kawaida ya kujifungia kila alipolitoa gauni lile, kwa kuogopa vumbi la ukumbi wa wapangaji, na zaidi ya vumbi, macho. Wapangaji wenzake watasema nini? Mtu mzima, na daftari la sare, anashona gauni la nani? Akaisogeza sanamu, akautandaza mkia, akakaza kiuno cha gauni kwa vibanio vya nguo mgongoni kwa sababu lilikuwa linapwaya, akaegemea mlango, akachungulia kwenye kamera.

Pindo halikuwemo.

Akashusha kamera, pindo likaingia, mabega yakatoka. Akajibana mlangoni mpaka kitasa kikamchoma mgongo. Wapi! Pembe kwa pembe haikuwezekana, kulikuwa na kabati na kitanda. Alijaribu kupanda kitandani, gauni likatoka limepinda kama limelewa. Jasho likaanza kumtoka. Kijana yule amenipiga, aliwaza. Ameniona mama wa watu, kanifunga lenzi mbovu. Akachukua tepu, akapima chumba upya. Mita nne. Akapima mkia. Sitini. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na picha ilikuwa haiingii.

Ndipo, akiwa ameegemea tena mlango na kamera usoni, alipoinyoosha tepu kutoka mbao za mlango hadi ncha ya lenzi. Sentimita hamsini na mbili. Zilikuwa zake mwenyewe: makalio, mgongo, kichwa, viwiko, na kamera mbele ya pua. Alikuwa amepima ufagio, lesi, chumba na mkia. Mtu wa kushika kamera hakumpima. Kinyozi hajinyoi, walisema wazee, na Mama Pindo aliteleza akakaa sakafuni palepale, akalia. Hakuililia kamera. Aliona vyerehani kumi na viwili, na cha kumi na tatu kinamngoja.

Jumamosi saa tano na robo mdogo wake alibisha hodi. Kazi yake ni kuuguza wagonjwa, na alikuwa ametoka zamu ya asubuhi kwa ruhusa. Alimkuta dada yake macho mekundu, vitu vimesukumwa huku na huku.

"Dada, umekula?"

"Mdogo wangu, nimekwisha. Mwambie mumeo aniwekee uzi."

Akamweleza yote, hamsini na mbili zake hizo. Mdogo mtu alisikiliza, akaangalia sanamu, akaangalia alipokuwa akiegemea dada yake.

"Sasa, dada, huu mlango ni wa nini?"

"Mlango gani?"

"Huu uliofunga kwa komeo." Akaufungua, akatoka nje, akasimama katikati ya ukumbi wa wapangaji na mikono kiunoni. "Huku kuna mita ngapi? Huku si kuna hata mwanga?"

Mama Pindo aliona haya hadi masikioni. Lakini mdogo wake hakuwa amemaliza. Alirudi ndani, akazunguka sanamu, akahesabu vibanio mgongoni. Sita.

"Hili gauni umelishonea nani?"

"Hakuna. Mtu yeyote."

"Mtu yeyote hana kifua hiki, dada. Na nyonga hizi nazijua, nimelala nazo kitanda kimoja utoto wote. Livae."

"Toka hapa! Miaka hamsini na moja, nivae gauni la harusi?"

"Saa tano na nusu hii. Livae au nimpigie mume wangu simu sasa hivi."

Akalivaa. Zipu ilipanda yenyewe, bila kuvutwa, bila kuhema. Gauni ambalo kwenye sanamu lilikuwa chandarua lilikaa juu yake kama limezaliwa naye. Mama Pindo aliinamisha kichwa. Yeye aliolewa ofisini kwa msajili wa ndoa, kwa gauni la kuazima lililomwishia juu ya vifundo, akisimama magoti yamekunjwa kidogo ili lifike chini, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba jambo lile lilimuuma. Sasa lilimuuma waziwazi, na machozi akayazuia kwa kuogopa kuichafua lesi.

"Bonyeza nusu kwanza," alisema, akimkabidhi kamera. "Ikilia, malizia. Na ongeza mwanga, nyeupe isife."

Mdogo wake alisimama ukumbini na kamera, Mama Pindo mbele yake mlangoni. Milango ya wapangaji ilianza kufunguka mmoja mmoja, na kila uliofunguka ulimwongezea mama wa watu mapigo ya moyo. Mmoja akasema, "Wee! Kumbe!" Hakuna aliyecheka. Kamera ikalia, ikaruka kioo chake, mara nane. Saa sita kasoro dakika tisa picha tatu ziliondoka kwenye simu.

Saa sita ikafika. Saa sita na robo. Mama Pindo alikaa ukingoni mwa kitanda, gauni bado mwilini. Saa saba kasoro kumi simu ikaita.

"Huyo aliyevaa ni nani?" Sauti ya mwenye duka ilikuwa kavu.

Basi, nimeharibu, aliwaza. Anataka kunicheka. "Ni... ni mtu wa hapahapa."

"Nitumie vipimo vyake. Wanawake wenye mwili kama huo wananitoka dukani kila wiki wakilia, nina magauni ya vijiti tu. Nishonee manne kwa vipimo hivyohivyo, na pindo hilohilo. Na hilo alilovaa niletee la kwanza, nitalilipia vizuri."

Mama Pindo aliangalia chini, maua yake meupe yamezunguka miguu.

"Manne nitashona," alisema. "Hili lina mwenyewe."

Alipokata simu hakujua kama ana furaha au hofu. Manne! Kwa cherehani kimoja, bila ovaloki! Akamtazama mdogo wake. "Mwambie shemeji Jumatatu asiniangalie mlangoni." Halafu akachukua tepu kitandani, akampa. Hakuwa amewahi kumpa mtu ile tepu.

"Anza na kifua."

Mdogo wake alizungusha tepu, akasita. "Dada, achia pumzi. Usivute tumbo."

Akaachia. Akafungua daftari la kumi, jipya, na juu ya ukurasa wa kwanza, mahali pa jina la mteja, akaandika: Mimi.